Mzigo Usiotazamwa

Nikutegee kimoja, wewe uliyekaa hapo. Njia iko mbele yangu, mali yangu iko nyuma yangu, na nikigeuka kuitazama nimeharibu. Mimi ni nani?

Usiseme punda, Kolwezi hatuna punda. Usiseme treni, maana dereva wa treni hugeuka akitaka. Kaa nalo tu. Jibu lenyewe liko njiani, linakuja polepole juu ya magurudumu mawili.

Muteba alikuwa amesimama mlangoni, mgongo ameupa nyumba, akizungumza na kuku.

"We kuku," alisema, "umwambie Kaku, ile kamio haitarudi tena. Jocelyne amepiga simu. Banasema mwenye jina akuye yeye mwenyewe, mbele ya saa kumi, ao nyumba inapewa mutu mwingine."

Kuku alikuwa ndani ya kikapu, miguu imefungwa kwa kitambaa, naye hakujibu. Ndani ya nyumba pia hakujibu mtu. Ila fimbo iligonga sakafu mara moja: ko. Maana yake maneno yamefika.

Aliyegonga alikuwa mama mkwe wake. Mstari mzima wa nyumba ulimwita Kaku, yaani bibi, na jina lake la kweli na mimi nitaliacha kwanza. Mwenyewe yupo, atalisema akitaka. Kwa miaka ishirini na miwili Muteba alikuwa mkwe wake, na katika miaka hiyo hakuwahi kumtazama usoni, hakuingia chumbani mwake, hakugusa kitanda chake, hakutaja jina lake. Kaku naye hakumruhusu asikie sauti yake. Usidhani walichukiana. Hiyo ndiyo heshima. Kwao Muteba, kule Musumba, ni hivyo. Kwao Kaku, Kasai, ni hivyo hivyo, na labda hilo ndilo jambo pekee ambalo pande mbili zilikubaliana tangu mwanzo. Ukikutana na bukwe wako, yaani mkwe, njiani, unaacha njia. Maneno hupitia kwa mke. Mke asipokuwepo, kwa mtoto. Mtoto asipokuwepo, kwa kinu, kwa mti, kwa kuku.

Nyumba zenyewe zilikuwa mstari wa mwisho kabisa, ukishapita Kapata, nyumba za wafanyakazi wa zamani, zote sura moja kama meno. Shimo la mgodi lilikuwa limezisogelea mwaka hadi mwaka. Kila walipopiga baruti kuta zilipata ufa mpya, na akina mama waliziba nyufa kwa udongo kama wanavyoziba chungu. Mwishowe zikaja karatasi: wote wahame, wamejengewa nyumba mahali pengine, kilomita tisa, mahali ambapo kila mtu alipaita site tu, maana palikuwa hapajapata jina. Karatasi ya nyumba hii ilikuwa na jina la Kaku, mjane wa mtu wa mgodi. Muteba na mkewe Jocelyne, binti wa Kaku, waliishi katika vyumba viwili vya nyuma, kwenye kiwanja kile kile. Watoto wao watatu walikuwa wametangulizwa kwa shangazi yao Tenke mpaka mambo yatulie. Kaku asipofika, ufunguo unakwenda kwa mwingine, na wote sita hawana pa kulala. Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu.

Asubuhi saa moja kamio, lori la kuhamisha vitu, ilikuja. Walipakia vitanda, masufuria, mbabula, lile jiko la makaa, mabati, mlango. Walipotaka kumpakia Kaku, msimamizi akakataa. Kamio ni ya bitu, alisema, haiko ya batu ba kulala. Akifia njiani, mimi ndiye nitaulizwa. Nyonga ya Kaku ilivunjika miaka miwili iliyopita pale bombani, na tangu hapo hakukaa wima muda mrefu, pikipiki hawezi. Taksi zilikuwa zimeacha kuja tangu tingatinga likate barabara. Na vitu visivyo na mwenyewe vinafika vimepungua, kila mtu anajua. Basi Jocelyne akapanda juu ya vitu, akamwambia mumewe atazame namna ya kufanya, akaenda. Huko site akajaribu kuweka kidole mahali pa mama yake. Wakamkatalia.

Sasa ilikuwa saa tano na nusu, na katika mstari mzima walibaki watu watatu: Muteba, mama mkwe wake, na Mama Louise muuza mandazi, ambaye alikuwa akingoja pikipiki ya kumbeba na karai lake. Na palikuwa na shario.

Shario, kwa asiyelijua, ni kigari cha mbao cha magurudumu mawili, na mikono miwili mirefu ya kushikia. Hili la Muteba lilikuwa na ekseli ya Land Rover iliyokufa kabla yeye hajazaliwa. Kwa shario hilo alikuwa amelisha nyumba yake, akibeba mahindi, saruji, makaa, majeneza mawili, piano moja ya kanisa, na mara moja bibi arusi na wapambe wake wote, siku mvua ilipoharibu barabara. Ubavu wa kulia ulikuwa wa bati la bluu, alilolinunua kwenye mabaki ya lori lililopinduka, na juu ya bati hilo palibaki neno moja lililoandikwa kwa herufi nyeupe kubwa: HAULAGE. Kushoto kwake palikuwa na jina la mwenye lori, lakini hilo lilikatwa na msumeno.

Neno lile lilimpendeza. Alilipaka rangi upya kila mwaka, kwa brashi ndogo, ulimi nje. Watu walipomuuliza linasema nini, miaka mitatu ya kwanza alijibu kwamba ni jina la babu yake.

Aliyemfungua macho alikuwa dereva mmoja wa Tunduma, kwenye foleni ya malori barabara ya Likasi, akipika wali kando ya gurudumu. Lori lake lilikuwa na neno lile lile mlangoni.

"Mzee, hilo ni neno la Kiingereza," dereva alimwambia. "Ni kazi ya kuvuta mizigo. Kichwa kiko mbele, tela liko nyuma, kichwa kinavuta. Wewe nakuona unasukuma. Hilo neno halikuhusu."

"Basi nimedanganya batu miaka tatu," Muteba alisema, akaombwa akae, wakala wali.

Baadaye alihamisha masanduku ya vitabu ya mwalimu Valérie wa shule ya msingi, na mwalimu, ambaye hakuweza kuona neno akaliacha lipite, alimweleza zaidi wakiwa njiani. Waingereza wenyewe walilichukua zamani kwa Wafaransa, alisema. Na Wafaransa walilipata kwa watu wa baharini wa kaskazini. Mwanzoni lilikuwa kuvuta kwa kamba, basi: watu wanatembea ukingoni mwa mto, kamba begani, mashua inawafuata majini. Halafu likawa kubeba chochote kizito kwenda mbali. Halafu likawa malipo ya kubeba. Hata samaki wanaotoka wavuni kwa mara moja huitwa kwa shina la neno hilo, na hata mali ya mwizi, ikiwa nyingi. Muteba akafikiri kidogo, akatazama malori ya shaba yakipita, akasema kwamba basi wameandika vizuri. Mwalimu akacheka mpaka akaegemea sanduku.

Jioni hiyo Muteba alimsimulia mkewe, na Jocelyne, kama kawaida, akalipeleka neno kwa mama yake, upande wa pili wa ukuta. Jibu lilirudi haraka. Kaku alisema hayo si mapya. Kwao wanasema kukoka, na Waswahili wanasema kukokota, na baba yake mzazi alifanya kazi hiyo hiyo Bukama, akivuta majahazi ya Wazungu kwa kamba kwenye Lualaba, na hakuna aliyemwandikia neno kwenye bati. Halafu akaongeza, na Jocelyne aliyaleta maneno haya akiwa ameziba mdomo kwa kicheko: "Kama bati inasema kuvuta, juu ya nini yeye kila siku anasukuma?"

Muteba hakukasirika. Alijibu kama fundi anavyojibu.

"Umwambie mama, mwenye kusukuma anaona muzigo yake. Mwenye kuvuta anafika ku soko na mufuko nusu. Kuvuta ni ya mutu mwenye kuamini batu ba nyuma yake. Mi siamini mutu."

Maneno hayo yalipelekwa, na fimbo ikagonga mara moja. Ko.

Basi mchana huu Mama Louise ndiye aliyeingia chumbani. Alitandika godoro ndani ya shario, kwa kuwa Muteba hakuweza kuligusa. Akamwita mpita njia mmoja mwanamke aliyekuwa akiokota kuni za milango, wakamnyanyua Kaku wawili, mmoja mabega, mmoja miguu. Muteba alisubiri nyuma ya nyumba akitazama mahali lilipokuwa jiko. Aliposikia pikipiki ya Mama Louise ikiondoka, akarudi, macho chini. Aliona pindo la kitenge cha Kaku, mguu mmoja mwembamba wenye soksi, fimbo, na kikapu cha kuku. Hayo yaliruhusiwa.

Akashika mikono ya shario na kusukuma.

Ndiyo kosa lake, na ni kosa la mkono, si la moyo. Miaka thelathini mkono unasukuma, haungojei kuambiwa. Alikuwa amekwenda hatua kama kumi ndipo fimbo ilipogonga bati: ko, ko, ko. Mara tatu hakuwahi kuzisikia. Akainua macho kuona kuna nini, akaona kitenge kimevutwa mpaka juu ya kichwa, na chini yake umbo la uso, karibu naye kama sahani ilivyo karibu na mlaji. Mkwe anayesukuma anamtazama bukwe wake kilomita tisa. Aliiachia mikono ya shario ghafla hata nusura lipinduke, akageuka, akafunika macho kwa viganja kama mtoto.

"We kuku," alisema, "umwambie Kaku anisamehe. Ni mazoea."



Alikaa chini pale barabarani. Jua lilikuwa juu kabisa, jua la mwezi wa kumi lenye vumbi jekundu ndani yake. Alifikiria kumwita mwanaume mwingine, lakini hapakuwa na mwingine. Alifikiria kwenda mpaka barabara kuu kutafuta gari, na kumwacha Kaku peke yake kati ya nyumba zisizo na mabati, na tingatinga likinguruma mwisho wa mstari. Ndipo macho yake, kwa kuwa hayakuwa na ruhusa ya kwenda kwingine, yakatua kwenye bati la bluu.

Akainuka. Alitoa chini ya shario kamba yake na ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya ndani ya gurudumu. Akaligeuza shario kwa kushika gurudumu, uso ameugeuzia pembeni. Akafunga kamba kwenye mikono yote miwili, akapitisha mpira kifuani, akaingia kati ya mikono ile, mgongo kwa mzigo, uso kwa njia.

"We kuku," alisema, "umwambie, sasa ninavuta."

Fimbo ikagonga mara mbili. Hiyo ilikuwa mpya pia, lakini hakuhitaji kutafsiriwa. Twende.

Sasa wewe uliyekuwa na kitendawili, umeanza kuona.

Kuvuta ni kazi nyingine kabisa. Anayesukuma hutumia mikono na tumbo. Anayevuta hutumia mgongo, magoti, na kitu kingine ambacho hakina jina kwenye mwili. Kwanza alihisi baridi nyuma ya shingo, ile ya mtu anayejua kwamba hajui kilichoko nyuma yake. Kila shimo lilimfikia kama swali. Ameanguka? Godoro limesogea? Mara nne aliongea na kuku, na mara nne fimbo ilimjibu. Baadaye akaacha kuuliza. Alijifunza kusikia uzito: ukielemea kulia, Kaku amegeukia ubavu mzima; ukitulia, amelala.

Alifika barabara kuu saa saba. Malori yalikuwa yamesimama foleni ndefu, vichwa vyote vimetazama Likasi, magunia meupe nyuma. Aliyapita moja moja, kando kando, katika kivuli chao. Madereva walikuwa chini ya matela, wengine wamelala, wengine wanacheza karata. Mmoja alisoma bati la bluu kwa sauti, akatazama mlango wa lori lake, akasema kwa Kiswahili cha mbali kwamba mzee na yeye ni kampuni moja, ila mzee anatembea na yeye amesimama. Wenzake wakacheka. Mwingine alitoka na chupa ya maji. Muteba alikunywa nusu, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, chupa ikabaki hewani pale mgongoni mwake. Muda ukapita. Kisha chupa ikachukuliwa kutoka vidoleni mwake, polepole, bila kidole kugusa kidole.

Baada ya foleni kulikuwa na mteremko.

Kila msukuma shario wa Kolwezi anaujua mteremko ule, unaoshuka mpaka kijito cha maji ya kijani kisha unapanda upande wa pili. Anayesukuma huuteremka kwa kuegemea nyuma, amelishika shario kama anayemzuia ng'ombe. Anayevuta hana namna: mzigo unamfuata, unamkimbiza, unampita juu. Kwa ajili hiyo Muteba alikuwa na tairi kuukuu lililojazwa mawe na kufungwa kwa kamba fupi nyuma ya shario. Likiangushwa chini, linaburuzwa na kushika mwendo. Siku zote huwa kuna mwenzake wa kuliangusha. Leo lilikuwa limekaa pembeni ya miguu ya Kaku, ukingoni kabisa.

Kuliangusha hapa juu, kwenye tambarare, ni kushindwa hata kuanza kutembea. Lilitakiwa kuanguka katikati, pale shario linapoanza kusukuma kiuno cha mvutaji.

Alisimama. Alitazama jua, akakadiria saa nane na nusu.

"We kuku," alisema, "wewe huna mikono, ni bahati mbaya. Kungekuwa na mutu mwenye fimbo, angesukuma ile mupira ya mawe ianguke, wakati mi nitasema sasa. Si mapema. Si nyuma. Kama haiko mutu, basi, tutaonana na wewe ndani ya maji."

Akasubiri. Hakusikia fimbo. Akasikia kuku akijikunja kikapuni.

Akaanza kushuka. Hatua tano za kwanza alizitawala. Kisha mikono ya shario ikampiga mapajani, mpira wa kifua ukalegea, na miguu yake ikaanza kwenda yenyewe, kokoto zikiruka, na kile kijito cha kijani kikimpandia kasi.

"Sasa," alisema, na hakupaza sauti, kwa sababu hakuwa na pumzi ya kupaza.

Kulikuwa na kishindo. Kamba ilikazwa, shario likatikisika lote, na nyuma yake tairi likaanza kulia juu ya changarawe, likiburuta, likishika. Mwendo ukapungua. Ukawa wa mtu. Walifika chini ya mteremko kama watu wanaotoka kanisani.

Pale penye maji alisimama na kuinama, mikono kwenye magoti, mpaka moyo uliporudi mahali pake. Kisha akazunguka, macho chini, kulirudisha tairi. Ilimbidi apite karibu na ncha ya fimbo. Ilikuwa imepasuka, mpasuko mpya, mweupe ndani, na mkono ulikuwa bado umeishika. Mkono aliona. Uso hakutazama.

Mpando wa upande wa pili ulimchukua saa nzima.

Site ilikuwa tambarare bila mti mmoja, nyumba mia na zaidi za matofali ya saruji, mabati yakimetameta. Langoni palikuwa na hema, meza, na kijana mmoja mwenye fulana ya njano na kikaratasi kifuani kilichosema Gael. Foleni ilikuwa imekwisha. Alikuwa ameanza kupanga karatasi zake ndani ya boksi. Mbali sana, kule upande wa pili wa mistari, Muteba aliona rundo la vitu na mtu amekaa juu yake, mdogo kama ndege. Alijua ni Jocelyne. Angeacha vitu hivyo dakika tano, asingevikuta.

"Seize heures, saa kumi, ninafunga," Gael alisema. "Imebaki dakika kumi na mbili. Jina?"

"Ya kwangu ni Muteba. Lakini haiko humo. Ni ya mama."

"Bon. Jina ya mama?"

Mpira ulikuwa bado kifuani mwa Muteba, jasho limeugandisha kwenye shati.

"Jina ya mama, tata."

"Mi siwezi kuisema."

"Huijue?"

"Ninaijua sana."

Gael aliweka kalamu chini. Hakuwa kijana mbaya. Alikuwa amechoka, na tangu asubuhi alikuwa amedanganywa na mafundi wa uongo. Alisema kwamba wiki hii ameona watu wakikodi bibi za watu wengine, wanawalipa soda na biskuti, wanawaleta hapa kuchukua nyumba. Mmoja alileta bibi kiziwi, akasema ni mama yake mzazi, na yule bibi alipoona mezani pana pipi akaanza kuimba. Sasa mtu analeta mama juu ya shario, hata jina hawezi kulitaja. Yeye aandike nini?

Muteba angeweza kumweleza. Lakini kumweleza ni kusema: huyu ni bukwe yangu, jina lake halipiti mdomoni mwangu, na kijana aliyekulia mjini angesema, basi papa, kwa leo tu, nyumba inapotea. Angekuwa na haki. Lilikuwa neno moja tu. Muteba alilihisi mdomoni, likiwa na uzito wake wote, na akajua kwamba akilitoa, yule aliyeangusha tairi atakuwa amebebwa kilomita tisa na mtu asiye mkwe wake. Akatazama chini. Kamba ilikuwa imechora mistari miwili kwenye viganja vyake.

"Uandike shario tu," alisema mwishowe. "Uandike imefika."

"Tata, hatuandikake shario."

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, ni karibu tu. Miaka ishirini na miwili nyuma, Muteba alipokwenda kuposa, alikwenda na rafiki mmoja, msukuma shario mwenzake. Kutoka Musumba hakuna ndugu aliyefika. Barabara za kule ukianza safari kiangazi unafika masika. Familia ya Jocelyne ilikuwa ya watu wa Kasai, na watu wa Kasai wa Kolwezi walikuwa hawajasahau mwaka wa tisini na tatu, walipofukuzwa na wenyeji wa mkoa, watu wa upande wa Muteba, na kulala kituoni miezi, wakingojea treni na watoto wao na masufuria yao. Kaku alimzika mdogo wake pale kituoni. Basi siku ya posa alikaa nyuma ya pazia, akasikiliza, na akauliza swali moja tu: "Huyu ni mutoto wa nani?" Rafiki alijibu kwamba ni wa Musumba. Lakini Musumba ni mji, na yeye aliuliza mtu. Kaka yake Kaku akaona aibu, akaanza kuongea habari za mbuzi na mablanketi, na mambo yakaendelea mpaka ndoa. Swali halikujibiwa wala halikuondolewa. Lilibaki pale kama kigoda ambacho hakuna aliyekikalia. Na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho Muteba kusikia sauti ile.

Sasa akaisikia tena. Ilikuwa imezeeka, na ina vumbi, na ilikuwa nyuma yake karibu.

"Mushiya," ilisema. "Mushiya, muke ya Badibanga, wa mugodi. Tazama mustari wa mwisho."

Kalamu ya Gael ilishuka karatasini, kidole kikateremka, kikasimama.

"Mushiya. Iko." Alivuta kikasha cha wino cha kuwekea kidole, akazunguka meza, akaenda nyuma ya shario. Muteba alisikia karatasi ikikunjuliwa, na kuku akilalamika kwa kusogezwa. Alibaki ametazama mbele, kule ambako mtu mdogo alikuwa amesimama sasa juu ya rundo la vitu, mkono kwenye paji la uso.

"Bon, kidole hapa, mama. Na hapa chini, mwenye kukusindikiza. Lazima akuwe mutu wa famille, ao sitasaini." Kijana akatazama ule mgongo uliolowa, na mpira, na kamba. "Huyu mwenye kukuvuta, ni mutoto wa nani?"

Upepo ulipita chini ya hema na kuinua pembe ya karatasi. Muteba hakugeuka. Mikono ya shario ilikuwa kimya ndani ya mikono yake.

"Andika," Kaku alisema. "Ni wangu."